Usukani na Breki za Guta: Yapasayo Kukaguliwa Kabla ya Mzigo Kupakiwa

Katika kata nyingi za ukanda wa dhahabu, kuanzia Katoro na Nyarugusu hadi mwaloni Nkome, pikipiki ya magurudumu matatu yenye bodi la mizigo, maarufu kwa jina la guta, imechukua kazi zilizokuwa za mkokoteni, za punda na za kichwa cha mwanamke. Guta hubeba madumu ya maji, taka za masoko, saruji, mahindi, dagaa na viroba vya mawe yanayopelekwa kwenye makarasha. Baadhi ya vyombo hivyo ni mali ya watu binafsi. Vingine ni mali ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vilivyokopeshwa fedha zisizo na riba zinazotengwa kutoka asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Guta la kikundi likipinduka mteremkoni, anayeumia ni dereva na aliye karibu naye; anayebaki na deni ni kikundi kizima.

Makala haya yanaeleza jinsi usukani na breki za guta zinavyokaguliwa na kurekebishwa, na mahali ambapo marekebisho hukoma na kifaa kipya kuhitajika. Mpaka huo ndio unaopuuzwa zaidi. Nati ya breki inaweza kukazwa mara nyingi, na kila inapokazwa pedeli hurudi juu na dereva huridhika. Lakini nati haiongezi unene wa kiatu cha breki kilichokwisha kulika. Huahirisha siku tu.

Guta si pikipiki, wala si gari dogo

Madereva wengi wa guta walianza na bodaboda, na huja na mazoea ya huko. Pikipiki ya magurudumu mawili hulala inapokata kona, guta halilali. Likiingia konani kwa kasi, uzito wote husukumwa upande wa nje, na gurudumu la ndani huanza kuinuka. Kwa kuwa mbele kuna gurudumu moja tu, guta linalofungwa breki likiwa tayari limekata kona hupinduka kwa urahisi kuelekea upande wa mbele usio na gurudumu la kulizuia. Ndiyo sababu breki ya guta hufungwa kabla ya kona, usukani ukiwa umenyooka.

Tofauti ya pili ni mahali uzito ulipo. Katika bodaboda, breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi, kwa sababu chombo kinaposimama uzito hukimbilia mbele. Katika guta lililopakiwa, sehemu kubwa ya uzito iko juu ya ekseli ya nyuma, na kazi ya kusimamisha hubebwa na magurudumu mawili ya nyuma. Gurudumu la mbele, kinyume chake, linaweza kuwa jepesi mno iwapo mzigo umesukumwa hadi ukingo wa nyuma wa bodi. Dereva huhisi usukani umekuwa laini kupita kiasi, akageuza na guta lisitii haraka. Hapo hakuna nati ya kukaza. Mzigo ndio unaotakiwa kusogezwa mbele.

Uzito wenyewe huwadanganya wengi. Dumu la lita 20 la maji lina kilo 20, hivyo madumu 30 ni kilo 600, na tenki la lita 1,000 likijaa ni tani nzima kabla ya kuhesabu dereva. Tenki lililojaa nusu lina hatari yake: maji hukimbilia mbele breki inapofungwa na hukimbilia ubavuni konani, nayo hufika wakati dereva anadhani ameshamaliza kusimama. Mawe ya dhahabu ni mazito kuliko mahindi kwa nafasi ile ile. Viroba vya mawe hufikia uzito wa mzigo wa mahindi vikiwa vimejaza chini ya nusu ya bodi. Anayepakia kwa kutazama nafasi iliyobaki, bila kuhesabu kilo, atazidisha bila kujua. Kikomo cha uzito kimeandikwa kwenye kibati cha chombo au kitabu chake, na breki zilibuniwa kwa kikomo hicho.

Hesabu fupi inaonyesha kinachopotea breki inapochoka. Guta linalokwenda kilomita 40 kwa saa hupita takriban mita 11 kila sekunde. Dereva akiona mtoto akikatiza, sekunde moja hivi hupita kabla ya mguu wake kukanyaga, na mita 11 zimekwisha. Breki nzuri kwenye barabara kavu zinaweza kulisimamisha ndani ya mita nyingine 12 au 13. Zikiwa na nusu ya nguvu hiyo, zitahitaji mita 25. Jumla inatoka mita 23 hadi 36, na tofauti hiyo ni zaidi ya urefu wa basi kubwa. Kasi ikiongezeka mara mbili, joto linalopaswa kumezwa na breki huongezeka mara nne.

Usukani

Usukani huanza kukaguliwa kabla ya breki, kwa sababu guta lenye shingo iliyolegea huyumba breki inapofungwa, na fundi anaweza kulaumu breki zisizo na kosa.

Jambo la kwanza halihitaji spana. Ni upepo wa tairi. Tairi moja ya nyuma ikiwa na upepo mdogo kuliko mwenzake, guta huvuta upande huo siku nzima, na dereva huzoea kushika usukani kwa mkao wa mshazari hadi asikumbuke tena kwamba kuna tatizo. Upepo hupimwa tairi zikiwa za baridi, kwa kipimo, kwani jicho na teke la kiatu havioni tofauti hiyo. Kisha hutazamwa spoku za gurudumu la mbele na nati ya ekseli yake.

Baada ya hapo hukaguliwa shingo, yaani mahali ambapo uma wa mbele, ambao mafundi huuita foki, unaingia kwenye fremu na kuzunguka juu ya gololi. Guta husimamishwa mahali tambarare, magurudumu ya nyuma huzuiliwa kwa mawe, na sehemu ya mbele huinuliwa kwa jeki iliyowekwa chini ya fremu hadi tairi iache ardhi. Mkaguzi hushika miguu ya uma karibu na ekseli na kuisukuma mbele na nyuma. Akisikia mgongano mdogo pale shingoni, shingo imelegea. Halafu hugeuza usukani polepole kutoka kushoto kabisa hadi kulia kabisa. Ukienda mzito, shingo imekazwa kupita kiasi au haina grisi. Ukienda vizuri lakini ukawa kama unaotumbukia kishimoni unapofika katikati, gololi zimechimba njia yake, na vikombe vyake vimeharibika. Hakuna kukaza kutakakoondoa kishimo hicho. Gololi na vikombe hubadilishwa pamoja. Kuweka gololi mpya kwenye vikombe vya zamani ni kutupa fedha.

Shingo iliyolegea tu hurekebishwa hivi. Nati kubwa ya juu hulegezwa, pamoja na bolti zinazobana mabano ya juu ya uma. Chini yake kuna nati ya duara yenye mikato pembeni, ambayo huzungushwa kwa spana ya ndoano. Hukazwa kidogo kidogo hadi usukani uanze kuwa mzito, kisha hurudishwa nyuma kidogo mpaka uzito huo utoweke, na mgongano usirudi. Nati ya juu hukazwa tena, na ukaguzi wote hufanywa upya, kwa kuwa kukaza nati ya juu mara nyingi husogeza ile ya chini. Katika gereji za barabarani nati hii huzungushwa kwa patasi na nyundo. Inawezekana, lakini mikato huvunjika, na safari inayofuata nati haitashikika tena kwa kifaa chochote. Spana ya ndoano ni kifaa cha kununuliwa mara moja na kikundi kizima.

Ubaya wa shingo iliyolegea huonekana upesi: usukani hutetemeka kwenye barabara ya makorongo. Ubaya wa iliyokazwa mno huchelewa kutambuliwa. Guta huenda kwa nyoka-nyoka, dereva akirekebisha kila mara, naye hudhani ni upepo au ni barabara. Vumbi la changarawe huingia shingoni na kuchanganyika na grisi hadi ikawa kama msasa. Tena kuosha guta kwa mashine ya maji yenye nguvu na kuelekeza mdomo wake shingoni huondoa hata ile grisi iliyokuwa imebaki.

Kuna kosa jingine la usukani ambalo haliko kwenye usukani. Ekseli ya nyuma hushikwa kwenye springi na bolti zenye umbo la U. Bolti hizo zikilegea, na hulegea kwa mizigo mizito na mashimo, ekseli husogea upande mmoja, na guta huanza kwenda kimshazari. Anayelifuata kwa nyuma huona gurudumu la mbele halipiti katikati ya nyayo za magurudumu ya nyuma. Dereva hulazimika kupinda usukani ili aende moja kwa moja. Kipimo chake ni futi kamba: urefu kutoka pini ya mbele ya springi hadi katikati ya ekseli hupimwa upande wa kushoto na wa kulia. Vipimo vikitofautiana, bolti hulegezwa, ekseli hurudishwa mahali pake, na bolti hukazwa kwa kupokezana ili zibane sawasawa. Kwenye mbuga za udongo mweusi za upande wa Shinyanga na Kishapu, ambako njia ya masika ni mifereji miwili iliyochimbwa na magari, kosa hili ndilo linalowatupa wengi nje ya njia, kwa kuwa gurudumu la katikati linapanda tuta wakati yale ya nyuma yanataka mifereji.

Breki

Maguta mengi yana breki za dramu kwenye magurudumu ya nyuma. Ndani ya dramu kuna viatu viwili vilivyobandikwa utando mgumu. Pedeli ikikanyagwa, kikonyo kidogo hugeuka na kuvitanua hadi viusugue ukuta wa dramu. Kadiri utando unavyolika, viatu huhitaji kutanuka zaidi, na pedeli hushuka chini zaidi kabla ya breki kushika. Umbali ambao pedeli husafiri bure ndio unaorekebishwa. Kwa pikipiki nyingi, pedeli ya mguu huachiwa uhuru wa sentimita 2 hadi 3, na mkono wa breki ya mbele sentimita 1 hadi 2, kikipimwa kwenye ncha. Kitabu cha chombo kikitaja kipimo kingine, hicho ndicho cha kufuatwa. Uhuru usiondolewe wote. Breki isiyo na uhuru husugua hata bila kukanyagwa, hupata moto, na viatu huisha kabla ya wakati wake.

Ugumu wa guta ni kwamba breki za nyuma ni mbili na lazima zishike pamoja. Upande mmoja ukishika kwanza, guta hugeukia huko. Na breki ikifungwa ghafla juu ya changarawe, chombo chote kinaweza kukaa kibavubavu barabarani. Kwa hiyo pande zote mbili hurekebishwa siku moja, na mtu yule yule. Gurudumu la mbele huzuiliwa kwa mawe, gia huwekwa huru, breki ya kuegesha huachiwa, na nyuma huinuliwa kwa jeki na kuwekewa magogo imara chini ya ekseli. Kamwe mtu asifanye kazi chini ya bodi lililoshikwa na jeki peke yake. Kisha nati ya kurekebishia iliyo mwisho wa fimbo au waya wa kila gurudumu hukazwa huku gurudumu likizungushwa kwa mkono, hadi msuguano uanze kusikika. Hapo hurudishwa nyuma taratibu mpaka gurudumu lizunguke huru. Upande wa pili hufanyiwa vivyo hivyo. Msaidizi hukanyaga pedeli kidogo, na mkaguzi hujaribu kuzungusha gurudumu moja, halafu jingine; yote mawili yawe yameanza kushika.

Jaribio la mwisho ni la barabarani, bila mzigo, mahali tambarare pa changarawe pasipo na watu, kwa mwendo mdogo. Dereva hukanyaga breki kwa nguvu, hushuka na kutazama nyayo alizoacha. Mistari miwili ya nyuma ikiwa na urefu sawa, kazi imekamilika. Mmoja ukiwa mrefu, upande huo unashika mapema, au ule mwingine una grisi au mafuta ya difu yaliyovuja hadi kwenye viatu. Utando ulioloa mafuta haukaushwi kwa jua wala haufutwi kwa petroli ukarudi kuwa mpya: viatu hubadilishwa, na sili iliyovuja hubadilishwa kabla yake.

Sasa kuhusu mpaka uliotajwa mwanzoni. Kwenye dramu nyingi kuna mshale mdogo uliofungwa kwenye kikonyo cha breki, na alama iliyochongwa kwenye bamba. Breki ikikanyagwa hadi mwisho na mshale ukafika kwenye alama, utando umekwisha. Mshale huo umewaudhi madereva wengi, na zipo gereji zinazouondoa. Zipo pia zinazofanya jambo la hatari zaidi. Nati ikifika mwisho wa uzi, fundi huchomoa mkono wa breki kutoka kwenye meno ya kikonyo chake, huurudisha nyuma jino moja au mawili, na kuufunga tena. Pedeli hurudi juu kama ya guta jipya, nati hupata uzi wa kukaza, na mteja hulipa kidogo akaondoka akiwa amefurahi. Lakini ndani ya dramu hakuna kilichoongezeka. Kikonyo sasa kinageuka kupita pale kilipotengenezwa kufika. Kinaweza kuvuka ncha yake na kukwama, viatu vikabaki vimetanuka na gurudumu likafunga ghafla. Au chuma cha kiatu kikaanza kukwaruza chuma cha dramu, na breki ikatoweka penye mteremko.

Mmiliki anaweza kuutambua ujanja huo bila kuwa fundi. Breki inapokanyagwa kwa nguvu, pembe kati ya fimbo na mkono wa breki isizidi pembe mraba. Ikiwa mkono umevutwa hadi ukalala kuelekea fimbo, au ikiwa mkono wa kushoto na wa kulia vimesimama kwa mwinamo tofauti, kuna aliyeucheza. Alama ya nukta iliyogongwa kwenye kikonyo ielekeane na ile ya mkono, kama ilivyotoka kiwandani.

Dramu inapofunguliwa, vumbi lake lisipulizwe kwa mdomo wala kwa mashine ya upepo. Baadhi ya tando, hasa za zamani, zina asbesto, ambayo ikivutwa hukaa mapafuni na kuleta maradhi baada ya miaka mingi. Hufutwa kwa kitambaa kilicholowa maji, na kitambaa hicho hutupwa. Ukuta wa dramu hupapaswa: ukiwa na mifereji mirefu, viatu vipya vitalika upesi.

Maguta mengine yana breki za mafuta. Hizo hujipa nguvu sawa pande zote mbili, lakini zina adui wake, ambaye ni upepo ndani ya bomba. Pedeli inayobonyea kama sponji, au inayopanda baada ya kukanyagwa mara mbili tatu, ina upepo ndani yake, au uhuru umezidi kwenye viatu. Upepo hutolewa kwa kufungua kidogo skrubu iliyo kwenye gurudumu wakati msaidizi amekanyaga, na kuifunga kabla hajaachia. Pedeli inayozama polepole mguu ukiwa juu yake huashiria kuvuja, au pampu kuu iliyochoka ndani. Mafuta ya breki ni ya breki tu. Mafuta ya injini yakimiminwa humo huharibu mipira yote, na madhara yake huonekana baada ya siku kadhaa, mbali na gereji.

Masika huleta jambo lake. Guta likipita kwenye maji yanayofika katikati ya gurudumu, viatu huloa na breki hupotea kwa muda. Dereva mwenye busara hukanyaga breki kwa upole huku akiendelea kwa mwendo mdogo, hadi ahisi zimekauka na kushika. Tope likibaki ndani ya dramu hukauka na kulika pamoja na utando, hivyo mwisho wa masika ni wakati mzuri wa kufungua dramu hata kama breki zinaonekana nzima.

Mteremko na gia huru

Katika vilima vya Geita ipo tabia ya kuteremka gia ikiwa huru, pengine na injini imezimwa, ili kuokoa petroli. Hesabu yake haiingii akilini. Injini iliyo kwenye gia ndogo huzuia guta bila kuchosha chochote. Ikiondolewa, uzito wote wa mzigo huegemea viatu vya breki. Dramu hupata moto na kutanuka, ikikimbia kutoka kwa viatu, nao utando wenyewe hupoteza uwezo wa kushika unapozidi joto. Pedeli hushuka chini na chini zaidi. Harufu ya kuungua ikisikika, muda uliobaki ni mdogo. Guta huegeshwa, huachwa lipoe lenyewe, wala dramu ya moto isimwagiwe maji, kwani inaweza kupasuka. Kanuni ya zamani ya madereva wa malori inatosha kwa guta pia: gia iliyotumika kupanda ndiyo ya kushukia, na huingizwa kabla ya mteremko kuanza.

Mkokoteni wa ng'ombe wa Kisukuma mara nyingi hauna breki hata moja, na bado umehudumu kwa vizazi. Lakini ng'ombe hakubali kukimbia mteremkoni akiwa na mzigo mgongoni mwake. Guta halina woga huo.

Nani mwenye kuamua

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inakataza chombo kibovu kuwa barabarani, na stika ya Nenda kwa Usalama hutolewa baada ya ukaguzi. Hata hivyo stika hueleza hali ya chombo siku kilipokaguliwa. Viatu vya breki vya guta linalobeba mawe kila siku haviwezi kungoja ukaguzi wa mwaka ujao.

Kwa guta la mtu mmoja, mwenye chombo ndiye anayeamua. Kwa guta la kikundi, shida huanza hapo. Dereva hulipwa kwa tripu, hivyo saa ya gereji ni saa asiyolipwa. Mweka hazina anafikiria rejesho la mwezi. Mwenyekiti hajapanda guta tangu lilipopokelewa. Kila mmoja anajua kuwa breki zimeshuka, na kila mmoja anaamini mwenzake ameshasema. Vikundi vilivyokwepa mtego huu huwa vimefanya mambo mawili yasiyo na gharama: vimemtaja kwa jina mwanachama mmoja mwenye mamlaka ya kulizuia guta lisitoke, bila kuitisha kikao, na vimeweka daftari linalokaa na funguo, ambamo huandikwa tarehe breki ziliporekebishwa, zamu ngapi za nati zilikazwa kila upande, na lini viatu vilibadilishwa. Daftari linapoonyesha kwamba nati inakazwa kila wiki badala ya kila mwezi, hakuna haja ya kubishana na fundi.

Fedha ya viatu vya breki, tairi na gololi inapaswa kuonekana kwenye andiko la mradi tangu mwanzo, kama petroli inavyoonekana. Andiko linalohesabu mapato ya tripu kumi kwa siku na kutotaja hata seti moja ya viatu kwa mwaka limejidanganya, na Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata anaweza kulisahihisha na kikundi kabla halijawasilishwa. Vijana wanaotengeneza maguta kwa uzoefu bila cheti wanaweza kuuliza VETA kuhusu utaratibu wa urasimishaji wa ujuzi, unaowapima kwa wanachokijua na kuwapa mafunzo ya yale wasiyoyajua.

Mkazi anayekodi guta kubeba saruji au maji naye ana macho. Atazame utingo. Ikiwa kila guta linaposimama kijana anaruka chini na jiwe mkononi kwenda kulizuia gurudumu, hata mahali tambarare, breki ya kuegesha haifanyi kazi, na huenda ile ya mguu inaifuata. Aangalie kama mikono ya dereva imenyooka guta linapokwenda moja kwa moja. Aulize kilo, asiulize nafasi. Tena asimruhusu mtoto wake kupanda juu ya mzigo ili aonyeshe njia ya nyumbani: bodi halina pa kujishikia, na mzigo husogea mbele breki zinapofungwa, hata zikiwa zimerekebishwa asubuhi ile ile. Dereva anaweza kuelekezwa kwa simu, au mtu mzima akatangulia kwa miguu kutoka barabara kuu.